Picha ya Kiumbe Angani: Usiikate Ardhi

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Kwa muda sasa napiga picha za vitu vinavyoruka: ndege wa porini, watoto wanaojirusha majini, wanasarakasi wa bembea, eropleni zinazotua. Nataka kuchagua chache niziweke kwenye maonyesho madogo yenye mada ya kuruka. Shida ni kwamba kila anayeziona ananiambia neno moja, 'uhuru', nami nimelichoka. Wasanii wameona maana gani nyingine katika kuruka? Picha nyingi nimezikata sehemu ya chini ili kiumbe abaki peke yake angani, nimefanya vizuri? Na nikiunganisha picha mbili kwenye kompyuta ili mtu aonekane anapaa, nitakuwa nimedanganya?"

Nianze na swali lako la katikati, maana majibu ya hayo mengine yanasimama juu yake. Hapana, hukufanya vizuri. Rudi kwenye faili zako za mwanzo uirudishe ardhi uliyoikata, au maji, au paa, au chochote kilichokuwa chini.

Picha haina mwendo. Mtu aliye hewani ndani ya fremu hapandi wala hashuki. Amebaki pale pale alipokamatwa, na mtazamaji ndiye anayekata shauri ametoka wapi na anakwenda wapi. Kwa kamera, kuruka na kuanguka ni kitu kimoja mpaka uonyeshe zaidi. Mtazamaji akikosa dalili atachukua jibu lililo karibu, na kwa kiumbe aliyezungukwa na anga tupu jibu la karibu ni uhuru. Usiwalaumu. Wameambiwa hilo tu.

Itazame picha ya eropleni iliyo mashuhuri kuliko zote, ile ya tarehe 17 Desemba 1903 huko Kill Devil Hills, North Carolina. Orville Wright aliiweka kamera juu ya miguu yake mitatu, akailenga mwisho wa reli ya kurukia, kisha akamwachia John T. Daniels, mtu wa kituo cha uokoaji wa baharini kilichokuwa jirani, kazi ya kubonyeza. Safari yenyewe, Orville akiwa rubani, ilidumu sekunde 12 na kufika mita 37 hivi. Ndani ya fremu mashine iko juu kidogo tu ya mchanga. Ungeikata picha ile kama ulivyozikata zako, ungebaki na chombo cha mbao na kitambaa kisicho na ajabu yoyote. Kinachoshtua kiko chini: reli, kiegemeo cha bawa kilichoachwa nyuma, nyayo za watu waliohangaika mchangani asubuhi ya baridi na upepo mkali. Na yuko kaka yake, Wilbur, kulia, mwili umeganda katikati ya hatua, kwa kuwa kufumba na kufumbua kabla ya hapo alikuwa akikimbia kando ya bawa. Mtazame Wilbur utajua kwamba jambo hili halijawahi kutokea mbele ya macho yake. Maana ya kuruka katika picha ile ni kazi, tena kazi ya wawili, ambayo sasa mmoja ameibeba na mwingine amebaki chini akitazama.

Wala kimo si kitu. Tarehe 15 Agosti 1961, siku mbili baada ya Ujerumani Mashariki kuanza kuigawa Berlin kwa seng'enge, Peter Leibing alimpiga picha askari kijana wa mpakani, Conrad Schumann, akiruka upande wa pili. Aliruka kimo ambacho mtoto yeyote angeweza. Lakini miiba ya seng'enge iko chini ya buti lake, na bunduki inamponyoka begani. Fremu ile inaonyesha nchi mbili na mwili mmoja ambao, kwa sehemu ndogo ya sekunde, hauko katika nchi yoyote. Watu waliiita picha ya uhuru, na hawakukosea. Mimi naiona zaidi kuwa picha ya kuacha. Kijana yule anaacha wenzake, familia yake na kiapo chake, vyote kwa hatua moja. Ondoa seng'enge na hilo lote limekwenda. Utabaki na mwanajeshi anayecheza.

Sasa tuje kwenye kuanguka, ambako hakuna mwenye kuzungumzia kuruka anayeweza kukukwepa. Brussels, katika Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa ya Ubelgiji, kuna mchoro wa anguko la Icarus, kijana wa ngano za Kigiriki aliyeruka na baba yake kwa mabawa ya kutengeneza akaangukia baharini. Unahusishwa na Pieter Bruegel, ingawa wataalamu wanabishana kama ni wa mkono wake au ni nakala ya zamani ya kazi yake. Kwenye simulizi la mshairi wa Kirumi Ovid, mkulima, mchungaji na mvuvi wanawaona baba na mwana wakipita angani wakadhani ni miungu. Mchoraji amewachukua watu haohao watatu akawageuza. Mkulima mwenye shati jekundu anasukuma jembe lake, macho kwenye mtaro. Mchungaji ameegemea fimbo akiangalia juu, mahali ambapo hakuna kitu. Mvuvi yuko na kamba yake. Na Icarus? Miguu miwili tu, midogo, inazama kwenye kona karibu na merikebu. Aliyepaa kuliko wote amepewa nafasi ndogo kuliko kondoo. Hapo kuruka kunahusu wale ambao hawakutazama, na kadiri ninavyorudi kwenye mchoro ule ndivyo unavyoniuma zaidi.

Upande mwingine kuna picha ya Richard Drew ya tarehe 11 Septemba 2001, ya mtu aliyeanguka kutoka mnara wa New York, kichwa chini, goti moja limekunjwa, mistari ya wima ya jengo imeijaza fremu nzima. Inaonekana tulivu mno. Utulivu huo ni wa kamera. Fremu nyingine za mfuatano huohuo zinamwonyesha akibiringika kama mwili wowote unaoporomoka. Magazeti yaliichapisha kesho yake, wasomaji wengi wakakasirika. Hapa ardhi haimo kabisa na bado kila mtu anajua, kwa sababu maarifa ya siku ile yaliingia na mtazamaji. Sikutajii picha hii ili uiige. Nakutajia ujue kwamba uzuri wa mkao hewani unaweza kuwa ajali ya sehemu ndogo ya sekunde, na anayechagua fremu moja kati ya kumi anabeba dhamana ya kile ambacho zile tisa zingesema. Ukiwa na mfuatano wa mwanasarakasi aliyekosa kushikwa akaangukia wavu, usichague ile moja anayoonekana kama malaika.

Malaika wenyewe, kwa kweli, hawarukii furaha siku zote. Katika kanisa dogo la Scrovegni huko Padua, Giotto alichora mnamo 1305 maombolezo juu ya mwili wa Yesu, na juu yake kundi la malaika wanaolia. Mmoja ametandaza mikono, mwingine anajishika mashavu, mwingine amejipinda mgongo. Nusu ya chini ya miili yao inayeyuka kuwa wingu. Wana mabawa, na mabawa hayawasaidii kitu. Sijaona mahali pengine ambapo uwezo wa kuruka unaonyeshwa kuwa hauna faida kiasi hicho. Karne nyingi baadaye Mjapani Masahisa Fukase, ndoa yake ilipovunjika, alishika njia ya Hokkaido alikozaliwa na kuanza kuwapiga picha kunguru: juu ya nyaya, kwenye theluji, gizani na macho yakimetameta kwa mwanga wa flashi. Kitabu kilitoka 1986. Kunguru wale wana mbingu nzima na hawaendi popote. Kwa hiyo ukitafuta huzuni ndani ya kuruka, tafuta bawa ambalo halimwokoi mwenye nalo.

Kuna pia kurushwa. Mnamo 1798 Goya alimaliza mchoro wa wachawi watatu wenye kofia ndefu zilizochongoka, wamembeba mtu uchi angani na kubandika midomo yao mwilini mwake. Chini yao mmoja anakimbia amejifunika kichwa kwa shuka jeupe, mwingine amelala chini ameziba masikio, na punda amesimama tu. Yule aliye juu hakuomba kupaa. Wenye picha za watoto wanaorushwa juu na wazazi wao wangefaa kuutazama mchoro huu: tofauti kati ya mchezo na hofu imo kwenye mikono ya anayerusha na uso wa anayerushwa. Vyote viwili lazima vionekane.

Ukitaka furaha, Marc Chagall alijichora yeye na mkewe Bella wakielea juu ya mji wa Vitebsk, mchoro alioumaliza 1918 na ambao uko kwenye jumba la sanaa la Tretyakov, Moscow. Wengi wanaukumbuka kwa wapenzi wale wawili tu. Lakini ushuke na macho mpaka chini kushoto, kwenye ua wa mbao. Kuna mtu amechutama anajisaidia. Chagall angeweza kumwacha. Hakumwacha, kwa sababu mapenzi yale yanapita juu ya mji wenyewe kama ulivyo, na nyua zake na aibu zake. Bila mtu yule, mchoro ungekuwa kadi ya pongezi.

Kazi ninayoipenda kuliko zote katika mada hii imeshonwa kwa kitambaa. Faith Ringgold aliitengeneza 1988: blanketi la viraka lenye hadithi ya Cassie, msichana Mweusi wa miaka 8, mwaka 1939 huko Harlem, New York, aliyelala juu ya paa la ghorofa usiku huku wazazi na majirani wakiwa mezani. Cassie anaruka juu ya daraja la George Washington na kutangaza kwamba daraja ni lake, kwa sababu ameliruka. Baba yake ni fundi wa majengo marefu, amefanya kazi kwenye daraja hilohilo, na chama cha wafanyakazi hakimpokei kwa sababu ya rangi yake. Basi binti analiruka na jengo la chama pia, liwe la baba. Nyuma ya kazi hii ziko hadithi ambazo watumwa wa Marekani na vizazi vyao walisimuliana, za wenzao waliojirusha hewani wakarudi Afrika. Hapo kuruka ni dai. Cassie haondoki duniani, hatafuti anga. Anapita juu ya vitu ambavyo familia yake ilivijenga na kunyimwa, na kuvitaja kimoja kimoja. Hesabu nafasi ambayo paa, meza, godoro na taa za daraja vimepewa kwenye blanketi lile, kisha umtafute Cassie anayeruka. Ni mdogo mno.

Kuhusu nguvu na vita, weka kazi mbili pamoja. Mwaka 1937, baada ya mji wa Guernica, Hispania, kushambuliwa tarehe 26 Aprili na eropleni za Ujerumani na Italia zilizokuwa upande wa Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Picasso alichora turubai la urefu wa karibu mita 8. Hakuchora hata eropleni moja. Alichora shingo zilizopinduka kuelekea juu, mama aliyebeba mtoto aliyekufa, mtu mwenye mikono hewani katikati ya moto. Miaka miwili baadaye Mwitaliano Tullio Crali akachora tukio kutoka upande wa pili: tumekaa nyuma ya kichwa cha rubani, eropleni inapiga mbizi kati ya maghorofa, na mji unatufungukia kwa kasi tamu. Hakuna mtu hata mmoja barabarani. Ukipiga picha za eropleni, jiulize unapiga kwa macho ya nani.

Ilya Kabakov, msanii wa Kisovieti, alikwenda mbali zaidi akamwondoa mrukaji kabisa. Kazi yake ya 1985 ni chumba: kuta zimebandikwa mabango ya serikali, katikati kuna kiti kilichofungwa kwenye springi ndefu, viatu vimebaki sakafuni, na dari ina tundu. Mwenye chumba ameshajirusha kwenda anga za juu. Ukisimama pale unajua habari zake zote kwa kutazama alichokikimbia. Nakushauri upige angalau picha moja ya aina hiyo: tawi linalotikisika baada ya ndege kuondoka, ubao wa kurukia unaotetema, maji yaliyofunguka.

Sasa swali lako la tatu. Oktoba 1960 msanii Mfaransa Yves Klein alijirusha kutoka juu ya ukuta wa nyumba huko Fontenay-aux-Roses, nje kidogo ya Paris, kifua mbele, mikono imetanuka. Harry Shunk na János Kender walipiga picha. Chini walikuwako marafiki wameshika turubai la kumdakia. Wapiga picha wakaunganisha negativu mbili: nusu ya juu yenye Klein, nusu ya chini yenye barabara ileile ikiwa tupu, isipokuwa mwendesha baiskeli anayekwenda zake. Klein akaichapisha kwenye gazeti lake mwenyewe la siku moja, Novemba 27. Kumbuka kwamba kuruka kulikuwa kwa kweli. Kilichofutwa ni msaada. Na ona walichojali kukiweka mahali pake: si anga tupu, ni lami ngumu na mtu asiyegeuka nyuma. Nguvu yote ya picha inatoka kwenye lami ile.

Je, alidanganya? Alitengeneza kazi ya sanaa, na katika sanaa unaruhusiwa kuunganisha. Mpaka ninaouweka ni huu: picha yako ya kuunganisha isikae kwenye ukuta mmoja na picha za ndege wa porini bila maelezo, kwa sababu mtazamaji wa ndege anaamini kwamba ndege yule alikuwa pale, kwenye mwanga ule. Andika "picha ya kuunganisha" chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule wa maelezo mengine, basi. Na kabla ya kuunganisha, jaribu kuipata kwa kamera. Mtu akiruka na ukapiga akiwa kileleni, pale anapomaliza kupanda na hajaanza kushuka, mwili wake hauna haraka hata kidogo. Kivuli chake kikiwa kimetengana na miguu, kila jicho litaamini kwamba anaelea. Kivuli nacho kiko chini, unaona.

Neno moja la kiufundi, kwa kuwa naliona kosa lake kwa wengi. Kabla ya 1878 wachoraji walichora farasi anayekimbia akiwa amenyoosha miguu minne mbele na nyuma, hewani. Mpiga picha Eadweard Muybridge akapanga kamera 12 kando ya njia huko Palo Alto, California, akaonyesha kwamba farasi huiacha ardhi kweli, ila pale miguu inapokusanyika chini ya tumbo. Kamera ilishinda macho. Lakini mwanasayansi Mfaransa Étienne-Jules Marey, aliyetengeneza mwaka 1882 bunduki ya picha, yaani kamera yenye umbo la bunduki, iliyopiga fremu 12 kwa sekunde, hakuridhika na mkao mmoja. Aliwafuata shakwe na wari katika mfululizo mpaka mapigo ya mabawa yakaonekana kama wimbi moja. Wewe pia usigandishe kila kitu. Kwa ndege mwenye mbawa za kasi, kasi ya kamera ya 1/2000 ya sekunde au muda mfupi zaidi itakupa kila unyoya, na wakati mwingine ndicho unachotaka. Kwa kasi hiyohiyo eropleni yenye propela itaonekana imezima injini ikaning'inia. Shuka mpaka 1/125 au hapo karibu propela izunguke. Na ukimfuata ndege kwa lenzi kwa 1/30, mbawa zitayeyuka na kichwa kitabaki, ukibahatika, na hapo utapata juhudi, ambayo uhuru hauna.

Kwa maonyesho yako, basi. Zile za eropleni zinazotua, weka zenye paa za nyumba chini yake au usiweke kabisa. Za watoto majini, chagua zinazoonyesha walipotoka: ukingo, mwamba, wenzao wanaosubiri zamu, na hasa yule ambaye bado hajathubutu. Chini ya kila picha andika kilichotokea baada ya kubonyeza, kwa sentensi moja: alitua wapi, nani alimshika, ndege alirudi au hakurudi. Na za bembea zikague upya moja moja. Mwanasarakasi aliyeachia bembea anakwenda kwenye mikono ya mdakaji, na mikono hiyo ikiwa ndani ya fremu, hata vidole tu pembeni, picha inahusu kumwamini mtu. Ikiwa nje, hakuna atakayejua. Kama uliikata, irudishe. Kama haikuwamo tangu mwanzo, nenda kwenye onyesho lao linalofuata, ukae upande wa mdakaji, upige tena.